Nzi Majike Wasiotaga

Mwaka ule nilikuwa nafuga nzi wa matunda katika maabara ya chuo, hapa Bujumbura. Nilichunguza jeni moja ambayo ikiharibika, nzi jike hukua mzima, mabawa yake na macho yake mekundu, lakini ovari hazikui. Niliwapasua kwa sindano chini ya hadubini, na pale pa ovari nikakuta vijiuzi viwili vyembamba, basi. Jioni nilirudi mtaani kwetu Nyakabiga nikinuka chachu na ndizi zilizooza.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mdogo wangu wa kike na mimi. Mdogo wangu alikuwa anamaliza sekondari na hajawahi kuona siku zake. Mama alisema, "Hata mi nilichelewa." Alilirudia neno hilo kila mara, na kila mara sauti yake ilizidi kushuka.

Nami nikawa situlii. Nikiketi, nainuka. Nikishika chupa ya nzi, namwona yeye. Nilijikemea: mtu si nzi. Asubuhi moja nikamwambia, "Twende kwa daktari." Hakuuliza sababu. Alivaa upesi, kama aliyekuwa akilingoja neno hilo.

Daktari alimpima kwa ekografi, ile mashine ya kuonyesha ndani ya tumbo, akakawia, akarudia. Kisha akamwambia yeye mwenyewe, si mimi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo:

"Ovari zako ziko sawa. Mji wa mimba ndio haukujengeka ulipokuwa tumboni mwa mama yako. Hakuna aliyekosea."

Njiani hakulia. Alitembea mbele yangu kwa kasi, tukaipita nyumba yetu, tukaendelea mtaa kwa mtaa, nami namfuata. Ghafla akasimama.

"Dada, sasa mi niko mwanamuke ao apana?"

Nikamfikia, nikamshika mkono. "Uko mwanamuke."

"Unasema juu ya kunituliza, ao juu unajua?"

"Najua."

Akageuka, tukarudi nyumbani.

Mama aliposikia, alitaka tufunge na kuomba mpaka mji wa mimba uote. Mdogo wangu akamjibu taratibu, "Mama, uniombee nipate usingizi. Ile ingine uache kwanza." Mama akatoka uani, akaanza kufua nguo zilizokuwa safi.

Mwaka jana kijana mmoja wa Ruziba alianza kuja nyumbani. Mdogo wangu alimweleza mwenyewe, kabla mambo hayajafika mbali. Kijana akapotea. Mama akawa hali chakula vizuri, mimi nikawa nachungulia barabarani kwa kila mlio wa pikipiki. Kisha kijana akarudi, akaomba ruhusa ya kuleta wazee wake waje kuposa. Mama alikubali kabla kijana hajamaliza kusema.

"Apana," mdogo wangu akasema kutoka jikoni. "Angojee. Mi bado nasoma."

Akafunga mlango, akarudi kwenye vitabu vyake vya uuguzi.