Ukanda Ulioachwa na Mto Kochi

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Arua, Mhandisi wa Maji alinikabidhi buti za mpira akanipeleka Mto Enyau. Akanionyesha kipimio, ubao wenye mistari uliosimamishwa majini.

"Mto haina rafiki," alisema. "Leo iko kwa magoti, kesho iko kwa shingo. Wewe andika tu."

Nikaandika. Asubuhi na jioni nilisoma kina. Siku nyingine niliingia majini na kipima-mkondo, kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji, ili tujue mtiririko: kiasi cha maji kinachopita hapo kwa kila sekunde.

Baadaye nilihamishiwa Koboko, kwenye Mto Kochi, chini ya Mkuu wa Kituo, Hajati mmoja mkali. Mwaka wa ukame nilimkimbilia nikisema mto unakufa.

"Wewe iko mutu ya maji ama mutu ya redio?" akacheka. "Mwaka moja ni uvumi. Ngoja miaka izeeke."

Miaka ikazeeka. Ndipo tukaona. Mvua haikupungua sana kwa jumla, ila joto liliunywa unyevu wa ardhi, na mvua yenyewe ikaja kwa hasira, siku chache. Kiangazi mto ulinywea. Mvua ikinyesha, ulivunja kingo. Hajati alisema kwenye milima ya theluji mito hujaa kwanza barafu ikiyeyuka, kisha hukonda barafu ikiisha. Tangu hapo, hata mto ukijaa, situlii.

Nimestaafu, lakini miguu bado hunipeleka mtoni. Huko nilimkuta jirani yangu, Mama Zubeda, amepanda vitunguu kwenye ukanda ulioachwa na maji. Ndiyo karo ya binti yake.

"Mzee, mto itarudi?"

"Itarudi."

"Lini?"

"Hiyo sijui."

"Sasa miaka yote ulikuwa unasoma nini huko ndani?"

Jana mawingu yalijikusanya upande wa Kongo, ambako mto hutokea. Nikamwambia ang'oe, ingawa vitunguu vilikuwa bado vidogo. Alinikazia macho.

"Kama mto haikuja, hizi yote utakula wewe mwenyewe. Mbichi!"

Akainama. Nikainama kando yake. Ngurumo ilisikika, ikanyamaza. Tukaendelea kung'oa, udongo ukitukaukia mikononi, na kila nilipojaza kikapu niliutazama mto, nisijue nauombea uje au ukae ulipo.