Mkia wa Hotuba ya Vyoo

Mama Kanda alikuwa na hasira za kudumu, na ukimwambia hasira hasara, alikujibu kwamba hasara ilitangulia, hasira zikafuata nyuma kuitafuta. Jina hilo alilipata redioni, alikokuwa mtunza kanda za muziki tangu usichana wake mpaka magoti yakaanza kulia kila alipoinamia rafu za chini. Mtunza kanda! Atunze nini, na kanda zenyewe walizifuta?

Maana ndivyo ilivyokuwa. Zamani kanda mpya zilikuwa adimu, na mkubwa akija kuhutubia, fundi alichukua kanda yoyote ya muziki akarekodi juu yake. Bendi nzima nzima zilikwenda hivyo, magitaa na matarumbeta na waimbaji wao, chini ya hotuba za mbolea na za usafi wa vyoo. Wengine walikuwa bado hai, wanapita barabarani na vikapu vyao, wasijue kwamba wameshazikwa.

Mmoja wa waliofutwa hivyo alikuwa dada yake Mama Kanda wa tumbo moja. Aliimba na bendi ya redio muda mfupi tu, akaugua, akafa, akaacha mtoto mchanga wa kike. Mama Kanda ndiye aliyemlea mtoto huyo, ambaye sasa ni fundi cherehani mwenye wateja wake. Picha ya mama yake anayo. Sauti hajawahi kuisikia.

"Mama mdogo, hivi sauti yake ilikuwa nene au nyembamba?" alikuwa akiuliza tangu utotoni. Mama Kanda alijaribu kuiigiza, akashindwa, akaishia kusonya.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, na chumba cha kanda akakitaka kiwe studio ya video.

"Muziki uliobaki tutauingiza kwenye kompyuta," alisema. "Hotuba zote jalalani. Nani atazisikiliza?"

"Bosi, hotuba zina mikia," alisema Mama Kanda. "Mkubwa akimaliza kusema, fundi anazima mashine. Wimbo ambao hotuba haikuufikia unabaki pale mwishoni mwa kanda."

"Kipande cha wimbo cha nini, mama? Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

Hapo ndipo alipopandwa na mori. "Mla jana ndiye aliyeipa redio hii jina, wewe ukaja kukalia kiti! Rafu ya hotuba mmeifunga miaka yote. Nimeomba ufunguo mpaka ulimi umeota sugu, mkaninyima, eti mali ya serikali. Leo mali ya serikali imegeuka takataka?"

Mkurugenzi alifungua droo, akamsukumia ufunguo kwa kidole. "Gari la taka linakuja Ijumaa," alisema.

Mama Kanda alimwita fundi cherehani, wakajifungia na mashine ya kuchezea kanda. Hotuba waliziruka, wakasikiliza mikia tu. Walikuta tarumbeta lisilo na mwanzo, kicheko cha mtu, ngoma zilizokatwa katikati. Kila mkia ulimtia Mama Kanda uchungu mpya, akawa anawatukana mafundi waliokwishakufa. Alhamisi walifikia boksi la hotuba ya vyoo. Chini ya jina la waziri palisomeka bado mwandiko wa zamani: bendi ya redio, imeharibika.

Waziri alishukuru, makofi yakapigwa, mashine ikagonga. Kisha gitaa, na sauti ya mwanamke ikivuta mstari wa mwisho, nene, yenye mkwaruzo kidogo. Nyuma yake mtoto alianza kulia. Magitaa yakanyamaza moja moja.

"Aa, imeharibika!" alifoka mwanamume. "Nani kaleta mtoto studio?"

Mwanamke akacheka. "Mwanangu ana njaa, kaka. Redio itasubiri. Njoo mama, njoo kwangu."

Kanda ikaisha, ikabaki kuzunguka bure.

"Ni nene," alisema fundi cherehani, machozi yakimdondokea kwenye kitenge.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. "Lakini hiyo si imeharibika kweli?" aliuliza. "Mtoto analia mle ndani."

"Mtoto mwenyewe huyu hapa!" Mama Kanda aligeuka kwa ukali mpaka kiti kikaanguka. "Alitolewa studio kwa sababu ya kulia, wimbo wa mama yake wakauandika umeharibika, wakaupa choo! Na kesho mlitaka kuutupa mara ya pili. Gari lenu lije. Nitakuwa nimekaa hapa mlangoni, na huu ufunguo mtautoa kifuani kwangu kwa nguvu."

Fundi cherehani hakumtazama mkurugenzi hata mara moja. Alimshika Mama Kanda mkono.

"Rudisha, mama mdogo," alisema. "Pale anaponiita."