Ngazi Juu ya Kochi

Mama yangu anapiga deki ngazi za jengo moja la ofisi, ghorofa sita, tangu mimi niko tumboni. Mwezi uliopita nilikuwa naperuzi ukurasa wa mpiga picha mmoja anayeuza picha zake mwenyewe mtandaoni. Mama akachungulia begani kwangu, akaninyang'anya simu.

"Hiyo ngazi ni yangu!"

Aliitambua kwa ule ukingo uliomeguka kwenye kipandio cha saba. Ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki, bado mbichi, inang'aa kama kioo, haina hata unyayo mmoja.

"Iagize. Ile kubwa kabisa."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Mama watoto, kuna picha za maua, kuna za milima, wewe unataka ngazi? Si hiyo hiyo inayokuvunja kiuno kila siku?"

Mama alinisimamia kama askari mpaka nikajaza anwani, nikalipa, na ujumbe ukaja kwamba oda imepokelewa.

Wiki ya pili picha ikafika. Baba, na kicheko chake chote, ndiye aliyepandishwa kwenye kiti kupigilia msumari juu ya kochi.

"Haya, nieleze sasa," alisema, nyundo mkononi.

Mama alikuwa anafuta kioo cha fremu kwa upindo wa gauni.

"Miaka ishirini na mbili, baba watoto, sijawahi kuimaliza ile ngazi. Nikifika chini, juu wameshakanyaga. Hii nimeimaliza."