Kamongo Aliyesafiri Ndani ya Udongo Mkavu

Nilisafiri kwa sababu niliitwa mwongo mbele ya wanafunzi wangu. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa magendo ya kahawa mpakani, nami nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ndogo ya msingi nje ya Malaba. Nilikuwa nimewaambia darasa la saba kwamba yuko samaki mwenye mapafu, kamongo, ambaye maji yakikauka hujichimbia topeni na kulala humo miezi mingi bila kula wala kunywa. Mzee Okiring, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alisikia hayo kwa binti yake. Akaja mpaka mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu Amoit, samaki ni ya maji. Ukitoa yeye kwa maji, anakufa. Wewe unafunza watoto uwongo."

Mwalimu mkuu akakata shauri: Jumatatu wazazi wangekutana, nami nilete uthibitisho, la sivyo niliache somo la sayansi. Nilikubali kwa sauti kubwa. Ukweli ni kwamba kamongo nilimjua kitabuni tu.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi hadi mji wa Busia. Hapo nilimpata Mzee Salim, mwenye duka aliyetoka Mombasa, aliyekuwa na pikapu ya kwenda kuchukua samaki upande wa ziwani. Alinikaribisha mbele, na tulipopita Mundika nikamweleza safari yangu.

"Mimi nimeona pweza akifunua mfuniko wa ndoo kwa mikono yake, akashuka, akatembea mchangani mpaka baharini," alisema. "Basi siwezi kumkatalia kiumbe yeyote wa majini. Lakini kulala kavukavu, mwalimu? Hilo nalo nataka kuliona."

Saa sita mchana alinishusha karibu na kinamasi cha mto uitwao Sio. Kiangazi kilikuwa kikali. Mafunjo yamekauka na ardhi imepasuka vipandevipande. Nilielekezwa kwa Mama Nabwire, mjane aliyesifika kwa kuwachimbua kamongo na kuwauza sokoni. Yeye mwenyewe hakuwala, kwani kwao wanawake hawamli samaki huyo. Nilipomwambia kwamba namtaka akiwa hai, ndani ya udongo wake, alicheka hadi akajishika mbavu.

"Haki ya Mungu, hakuna mtu amewahi niomba udongo!"

Tulitembea juu ya ile ardhi ngumu, yeye akiinama kila mara, mpaka akanionyesha kitundu kisichozidi upana wa kidole. Alipiga magoti, akagongagonga udongo kwa ncha za vidole, haraka haraka, mfano wa matone ya mvua. Kutoka chini tukasikia mguno mzito, kama wa mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Kitabu changu hakikuwa kimeniambia kwamba kamongo hulalamika.

Tulichimba kwa zamu mpaka jua likapoa. Tulilitoa bonge zima la udongo, samaki akiwa ndani, zito kuliko mtoto wa miaka mitatu, tukalifunga kwa majani ya ndizi na gunia, kile kitundu tukakiacha wazi apate kupumua. Nililala kwa Mama Nabwire.

Jumapili, Mzee Salim akitoka ziwani alinipitia akanirudisha Busia, nikapanda basi la Malaba nikiwa nimelipakata bonge langu. Kabla ya kufika Adungosi tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari alililenga gunia langu moja kwa moja.

"Mama, hapa ndani kuna nini?"

"Samaki, afande."

"Samaki ya udongo? Hiyo ni kahawa. Shuka, tuvunje."

Alishika sururu. Nilijua akipiga mara moja tu, samaki angekufa na mimi ningerudi shuleni na vumbi. Nikamsihi ainamishe sikio kwanza. Abiria wakanyamaza. Nikagongagonga udongo kwa vidole kama Mama Nabwire. Kimya. Nikagongagonga tena. Mguno ukatoka, na askari akaruka nyuma hadi kofia ikamwanguka.

"Endeni! Endeni na hiyo kitu yenu!" alisema, na basi zima likapasuka kwa kicheko.

Jumatatu saa tatu, wazazi na wanafunzi walizunguka karai kubwa uwanjani. Niliweka bonge ndani nikamimina maji. Udongo ulianza kulainika, mapovu yakapanda, kisha pakatulia. Muda ukapita. Mzee Okiring akatazama saa yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Mwalimu mkuu alikuwa tayari amefungua kinywa kusema jambo, udongo ukameguka, tukaona ngozi ya kijivu, na mkia uliokunjwa ukiwa umeyafunika macho. Mkia ukajikunjua polepole. Kamongo akapanda juu, akatoa mdomo nje ya maji, akavuta hewa kwa sauti ambayo hata waliosimama nyuma waliisikia.

Watoto walipiga kelele zilizofika barabarani. Walinibeba juujuu, mimi na viatu vyangu vya matope. Waliponishusha, Mzee Okiring alivua kofia, akachuchumaa kando ya karai.

"Mwalimu," aliuliza, "akiwa amelala, anajua namna gani kwamba mvua imenyesha?"

Juma moja nyuma ningemjibu papo hapo, kwa maneno ya kitabu. Lakini nilikuwa nimepiga magoti katika kinamasi na kusikia jambo ambalo hakuna mwandishi aliyenidokezea.

"Sijui, mzee," nikasema. "Kaa hapo hapo, nami nichuchumae. Tumtazame."

Jioni, darasa la saba lilimbeba kamongo hadi mto Malaba. Mbele yao, akiwa ameshika karai upande mmoja, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi.