Sidonie na Udongo Uliotupwa

Saa mbili kasoro asubuhi, Sidonie Mwenze ameshavaa buti za mpira na mikono yake imo ndani ya beseni hadi kwenye viwiko. Anatumbukiza chekeche lenye udongo, analizungusha kulia, analirudisha kushoto, analinyanyua. Matope yanachuruzika. Kilichobaki anakichambua kama mchele.

Tuko kwenye banda la bati katika mtaa wa Forest, Brussels, Ubelgiji, si mbali na kiwanda cha magari kilichofungwa mwaka 2025. Maji ni baridi ya kutia ganzi, lakini ukimwambia apumzike utakuwa umejitafutia maneno.

Udongo huu unatoka nje ya mji, mahali ambapo kampuni moja iliomba kufungua mgodi wa mchanga. Wanaakiolojia walipotumwa kukagua kwanza, walikuta mifupa ya baisani, wanyama wa ukoo wa nyati wenye nundu na manyoya mazito, waliokufa yapata miaka elfu kumi na nne iliyopita.

Hata hivyo, mifupa peke yake haikutosha. Kama wanyama hao walijifia, ingepakiwa masandukuni na mashine zingeingia. Kama waliwindwa na watu, eneo lingelindwa. Machi mwaka huu kibali cha uchunguzi kilikuwa kimebakiza siku tisa, na hakukuwa na dalili hata moja ya binadamu.

Sidonie, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alikuwa kibarua wa wiki sita tu. Kabla ya hapo alisafisha ofisi karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, kwa miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyemwuliza maoni. Wenzake walipiga udongo kwa maji ya presha, wakaokota mifupa, kisha mabaki wakayamwaga nyuma ya banda. Lile lundo lilimnyima raha.

"Kwetu Kolwezi, banaume banachimba, banatupa. Shiye bamama tunakuja nyuma, tunasafisha tena ile bulongo. Njo namna tulikula," anasema kwa Kiswahili cha mji huo wa migodi kusini mwa Kongo, ambako udongo huitwa bulongo. "Donc, nikiona bulongo ya kutupa, moyo hautulie."

Alipoomba kuliosha upya, Mathilde, kiongozi wa uchunguzi, alimkatalia: muda haukuwepo.

"Nilimuambia, bon, Madame, unipatie saa ya midi tu, yenye batu banakula."

Akawa anaosha lundo wakati wenzake wakitafuna mikate yao. Siku ya nne, chekecheni kikabaki kipande cha jiwe la gumegume, chembamba kama ukucha, kilichochongwa kwa mkono wa mtu. Hadi siku ya saba vilikuwa kumi na kimoja, pamoja na kipande cha ubavu wa baisani chenye mikato mitatu ya kisu cha jiwe.

Mathilde aliketi juu ya ndoo akalia.

"Miye niliogopa, nilizani nimeharibu kintu," Sidonie anacheka.

"Tulikuwa tumevitupa kwa mikono yetu wenyewe," Mathilde anakiri kwa Kifaransa, bila kuona haya. "Nilisoma miaka tisa, lakini kuosha udongo nimefundishwa na yeye."

Ombi la mgodi limesimamishwa. Sidonie sasa ana mkataba wa kudumu, na wanafunzi wa chuo kikuu hupanga foleni kwenye beseni lake. Kila mfuko unaotoka hapo una herufi S.M. Anatuonyesha mmoja, kisha wa pili, kisha rafu nzima, na fahari imemjaa usoni.

Tunapomwuliza kuhusu Kolwezi, mikono inasimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mtaa alimozaliwa umekuwa shimo la mgodi. Familia zilipewa siku thelathini za kuhama. Kaburi la baba yake halijulikani lilipo.

"Huku mugodi unangojea nyama yenye ilikufa zamani sana. Kwetu haukungojea papa yangu."

Septemba ataanza masomo ya ufundi wa akiolojia. Akipata cheti, anataka kurudi nyumbani, na anajua atakapoanzia.

"Bulongo ya quartier yetu haikupotea. Baliiweka pembeni ya shimo, iko mulima muzima. Banasema ni ya kutupa." Analiinua chekeche lake, linadondosha maji. "Bon. Nitaenda na hii. Hata kama ni kifungo moja tu ya koti ya papa, nitaiona."