Kidevu cha Mjomba

Nakumbuka asubuhi niliyotoka chumbani kwangu, hapa hapa Chuno, vipande vya gazeti vimenigandia usoni kama matangazo ya uchaguzi ukutani. Kila kipande kilikuwa kimeziba damu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mwanangu, na nilidhani mtu aliyefaulu jiografia hawezi kupotea kwenye shavu lake mwenyewe.

Wembe ulikuwa wa Mjomba Bakari. Wembe wa kukunja, mpini wa pembe, alioununua zamani duka la Mhindi kule Mikindani. Alikuwa amefika jana yake kutoka Kitaya, kando ya mto wa mpakani, na kiroba cha muhogo mkavu begani. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti; baba hukohoa tu. Akaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, kwenda na kurudi, bila haraka, akanikabidhi. Kisha akakaa kwenye kigoda uani, akainua kidevu chenye ndevu nyeupe.

"Anza na mimi," alisema.

Nilikataa. Nilisema naogopa kumkata. Kumbe niliona haya kumshika mtu mzima usoni. Mimi tangu utoto ni mtu wa ndani, safari yangu ndefu ni ya kwenda dukani kununua sukari. Nikaomba niachiwe wembe nijifunze peke yangu. Mama akamwambia kaka yake, "Mtoto akililia wembe, mpe." Nikapewa. Nikajifungia na kioo kidogo na povu la sabuni ya kufulia, na matokeo ndiyo hayo ya gazeti.

Dada yangu Zuhura aliponiona aliangusha ufagio. "Kaka, umegombana na kuku?"

"Muache," mama akasema, "anajifunza kuchinja."

Mjomba peke yake hakucheka. "Kinyozi hajinyoi, mpwa wangu. Mimi nilijifunza kwenye shavu la rafiki yangu Saidi, naye kwenye langu. Alikaa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Ijumaa hii nikivuka mimi, ile nyingine anavuka yeye. Sasa Saidi amekufa, na mkono wangu ndio huu." Akaunyoosha. Ulitetemeka kama jani la mpapai. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nikasema, "Kesho, mjomba."

Kesho yake aliondoka na gari la alfajiri, ndevu zake vile vile. Wembe aliuacha juu ya kigoda. Masika yalipoingia tukaitwa Kitaya kumzika, na waliomwosha walisema ndevu zilikuwa zimemfika kifuani.

Nami nikawa fundi, mwanangu, fundi wa uso mmoja. Nilinyoa kidevu changu hadi kikang'aa kama sufuria ya harusi. Mke wangu Asha, Mungu amrehemu, alikuwa akichungulia mlangoni: "Nikumalizie hapo nyuma ya sikio?" Nami najibu, "Nimeshamaliza." Alikuwa haulizi habari za sikio. Nimelijua hilo nyumba ilipobaki na redio na mimi, na redio ndiyo msemaji.

Sasa mkono wa mjomba umenijia mimi. Saluni zipo, ila vijana wa pale wana mashine inayolia kama nyuki na waya masikioni, nikiwasimulia jambo wananijibu, "Poa, mzee."

Ijumaa iliyopita niliuchukua wembe nikabisha hodi kwa jirani yangu Matayo, mtu wa bara, mstaafu wa bandarini. Miaka yote hiyo tumesalimiana juu ya ua tu, kama majogoo. Nikamwambia, "Kaka, nina wembe, lakini mkono unatetemeka."

Akanitazama, akapangusa miwani. "Na mimi mkono ninao, lakini macho hayaoni. Tutauana."

"Anza na mimi," nikasema.

Tuliuchemsha wembe kwanza, usije ukanishitaki kwa nesi. Nikainua kidevu. Vidole vyake vilinigusa shavuni, vizito, vina harufu ya sabuni, na nikatambua kwamba tangu Asha afariki hakuna aliyenishika uso. Alinikata mara moja tu, chini ya sikio. Nilifumba macho, nikamwona mjomba juu ya kigoda.

Basi nisikilize, mwanangu. Kujitosheleza ni ufundi mzuri, lakini hauna wa kumwambia "umenikata". Jifunze kazi ya mikono yako kwenye shavu la mwenzako, naye ajifunze kwenye lako, mngali mnaona na mikono ingali imetulia. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi naongeza: mwenzako akikuinulia kidevu, usimwambie kesho.

Mungu akupe mkono mtulivu, na akujalie mtu wa kukumalizia nyuma ya sikio. Amina.