Tronsoneze ya Mama Zaina

Amissi alikuwa mfanyabiashara tangu ujana wake, na hakuna kitu alichokikwepa kama mali asiyoweza kuibeba akiambiwa aondoke leo. Huko Kindu, Kongo, aliuza chumvi na vitambaa. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, aliuza kaunjika, yaani nguo za mitumba, akizitandaza juu ya turubai ambalo lilikunjwa mara moja likawa furushi. Hata kitanda cha nyumbani kwake kilikuwa cha kufunguka vipande vipande.

“Siye tuko batu ba safari,” alizoea kuwaambia wateja. “Simu inaweza kulia leo, kesho tuko mu ndege.”

Simu hiyo ya kuwahamishia ng'ambo alianza kuingojea binti yao Zaina akiwa hajaota meno. Sasa Zaina alikuwa akisuka nywele za wenzake shuleni, na simu ilikuwa bado.

Mkewe, Maimouna, hakuumbwa kwa kungoja. Alikuwa mwanamke mnene wa mikono, mwepesi wa kucheka, na kicheko chake kilifika kwa jirani kabla yake. Kila asubuhi alikaanga mikate ya mafuta mbele ya nyumba, na kuni za kukaangia alizinunua kwa Ndikuriyo, Mrundi wa mstari wa pili wa nyumba, mtu mrefu mkimya aliyepasua kuni kwa shoka na kuziuza kwa mafungu.

Mwaka ule Ndikuriyo alipata bahati. Mayi Chisale, mama mmoja mkulima wa upande wa Dowa, alipewa kibali cha kuvuna mikaratusi aliyoipanda mwenyewe, ile ambayo Wamalawi huiita bulugamu. Wenye kutaka nguzo walichukua za kwao, na vigogo vilivyosalia akamuuzia Ndikuriyo. Lakini bulugamu ikishakauka juani si mti tena, ni jiwe. Shoka lilidunda. Ndikuriyo akapiga siku nzima, jioni akarudi bega limevimba, na mlima wa vigogo uko vilevile. Basi akamkodi mtu mwenye msumeno wa injini, ule ambao Wamalawi huuita chenso, na Wakongo tronsoneze. Siku ya kukata akawaalika Amissi na Maimouna waende kujichagulia kuni zao.

Msumeno ule uliunguruma kidogo, ukakohoa, ukazimika. Mwenyewe akauvuta kamba tena. Ukakohoa, ukazimika. Jasho likamtoka, akaanza kuutukana kwa Kichewa.

Maimouna alikuwa ameketi kivulini akila muwa. Akatega sikio.

“Iko inakosa pumuzi,” alisema.

“Mama Zaina, achana na mambo ya batu,” Amissi alimnong'oneza.

Wapi! Alikwisha kusimama. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mota za pirogi, yaani mitumbwi, kwenye mto, pale Kindu, na Maimouna alikulia katikati ya harufu ya mazuti, yaani dizeli. Akaomba kwa ishara, akapewa. Akafungua kifuniko cha juu, akatoa chujio la hewa lililoziba unga wa mbao, akalisafisha kwa petroli kidogo, akalikung'uta na kulikausha kwa upepo, akalirudisha. “Vuta,” akasema. Yule mtu akavuta mara moja, na mashine ikanguruma mpaka kunguru wakaruka shamba zima. Kwa furaha akampa Maimouna kigogo kimoja ajaribu. Unga mweupe ukaruka, kigogo kikakatika kama muhogo uliochemshwa, na mwanamke akapiga kigelegele juu ya mlio wa injini.

Njiani kurudi hakusema neno. Amissi akajua wamepatikana. Maimouna akinyamaza, ujue kuna jambo linapikwa.

Lilipoiva, likawa hili: wao wawili na Ndikuriyo wachange akiba zao, wanunue tronsoneze. Ndikuriyo alijua miti na wenye mashamba. Maimouna alijua injini. Na Amissi alijua kuuza kitu chochote kwa mtu yeyote. Amissi alipinga siku kadhaa, kisha akachoka, maana kila alipokaa chini kula alikuta mjadala uko sahanini.

*

Ndikuriyo alitoa mchango wake, akawaachia wao wawili safari ya kununua. Dukani mjini Lilongwe misumeno ilikuwa imepangwa kwenye rafu ya ukutani. Binti muuzaji aliwashushia miwili. Mmoja ulikuwa mdogo, unang'aa, mwepesi, wa mtu kukata kuni za nyumbani kwake. Wa pili ulikuwa wa kazi, wa wapasua mbao: mzito, umekaa kifua mbele, bei yake ukiisikia unataka kukaa.

Amissi aliunyanyua ule mdogo kwa mkono mmoja, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Ona! Nyepesi! Hata mutoto anaibeba. Unaitia mu sakoshi, unaenda.”

“Na juu ya nini mi nikate kuni na kitu ya batoto?” Maimouna alikuwa amekwisha kuukumbatia ule mkubwa.

“Ile kubwa iko bei ya nyumba, Mama Zaina.”

“Nyumba haikate kuni.”

Wateja wakaanza kucheka. Binti muuzaji, aliyeelewa mabishano bila kuelewa lugha, akawaambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba kabla ya kununua wangefanya vizuri kumwona fundi anayeitengeneza misumeno hii ikiharibika, yuko Mtandire, wamuulize Bambo Mwakasungula. Wakakodi kabaza mbili. Maimouna alipanda ya mbele, na mwendesha baiskeli wake akawa anapumua kwa heshima.

Bambo Mwakasungula alikuwa mzee mwembamba, amevaa ovaroli iliyokwisha kusahau rangi yake. Aliposikia wanavyosemezana, akacheka.

“Kumbe Waswahili! Karibuni sana. Mimi mtu wa Karonga, sisi tulikuwa tunavuka mpaka kwenda kucheza mpira Tanzania, tunafungwa, tunarudi na Kiswahili.”

Akawapa ubao wa kukalia, akasikiliza kisa chote. Halafu akawaletea msumeno mdogo uliokufa, kasha lake limepinda upande mmoja.

“Hii si mashine mbaya,” alisema. “Nisiisingizie. Kuna mwalimu kule Likuni anayo kama hii, anakatia matawi na kuni za jikoni kwake. Miaka yote hii anakuja kunoa tu, tunapiga soga, anaondoka. Lakini hii hapa ilikuwa ya mchoma matofali. Akaitumikisha asubuhi hadi jioni, kila siku ya Mungu. Kasha ni plastiki, mama. Moto ukazidi, likapinda. Kuitengeneza ni ghali kuliko kununua mpya.”

Kisha akafunua gunia, akatoa msumeno mwingine, mkubwa, rangi imechubuka, mwili wote chuma.

“Huyu ametoka msitu wa Chikangawa. Amepasua misonobari mpaka bosi wake akastaafu. Nimembadilishia pistoni na ringi. Kila kitu chake kinafunguka, kila kitu kinabadilishwa. Mikono haifi ganzi sana, maana vishikio vimekaa juu ya springi. Lakini ana hasira. Anataka mnyororo ulionolewa, anataka oili, anataka umvalie suruali nzito na viatu. Ukimchezea, anakukata wewe.” Akawatazama wote wawili. “Sasa niambieni. Mtakata siku ngapi kwa wiki?”

“Moja,” alisema Amissi. “Mbili, Mungu akipenda.”

“Kila siku, toa Ijumaa,” alisema Maimouna, wakati uleule.

Fundi akakuna kidevu. Akasema anakwenda kununua mahindi ya kuchoma, wao wazungumze.

Wakabaki. Amissi aliutazama ule msumeno wa chuma kama anayemtazama mgeni aliyekuja na masanduku mengi.

“Mashine ya kuishi miaka kumi,” alisema taratibu. “We unataka tukae hapa miaka kumi, Mama Zaina?”

Ndilo neno lililokuwa limemkaba tangu dukani. Hakuwa bahili. Aliogopa tu kwamba siku atakayonunua kitu kizito, kitu cha kudumu, ndiyo siku atakayokuwa amekubali kuwa hawaendi popote.

Maimouna hakumcheka. Alikaa karibu naye, bega kwa bega.

“Mi sipange miaka, Baba Zaina. Lakini ile miaka tulisha kukaa, tuliikaa na nini? Na turubai. Simu ikilia, sawa, Alhamdulillahi, tutaiuzisha. Kadogo ikizeeka nani ataitaka? Kubwa kama hii haikosake mununuzi. We njo mufanyabiashara, si mimi.”

Hilo lilimgusa mahali pake. Bado hakusema ndiyo.

Fundi aliporudi na mahindi, Maimouna hakuyagusa. Alimwomba spana, akaketi chini, akauweka msumeno kati ya miguu na kuanza kuufungua autazame tumboni. Fundi alimwelekeza hapa na pale, naye akauliza, akanusa plagi, akapitisha kidole kwenye kabureta. Baada ya muda mfupi alikuwa mweusi mpaka kwenye viwiko, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, na alikuwa anaimba chini ya pumzi wimbo wa wapiga kasia.

Amissi akaacha kutafuna. Ndivyo alivyomkuta mara ya kwanza kule Kindu. Alikuwa kijana, pirogi yake imejaa chumvi, mota imemfia mbele ya mji, na fundi aliyekuja kumwokoa hakuwa mzee Matata, baba mkwe wake wa baadaye, bali binti yake, mweusi wa girisi mpaka viwiko, akiimba hivihivi. Siku ile alikuwa ameharakia soko, na bado aliomba mota isipone upesi. Lini tena alikuwa amemwona hivyo? Alimwona akicheka, ndiyo, kila siku. Lakini kuimba namna hii, mikono ikiwa na kazi inayoitambua, hakuwa amemsikia tangu wavuke mipaka.

“Fundi,” aliita.

“Naam.”

“Ile ya chuma. Tunaichukua.”

Maimouna akainua uso. Akamrushia mumewe kitambaa cha girisi, kikampata kifuani kwenye shati jeupe.

Sasa Amissi akaingia uwanjani kwake. Alimsifu fundi, akaisikitikia rangi iliyochubuka, akainuka kuondoka, akarudi, akaapa, akacheka, akainuka tena. Mwisho Bambo Mwakasungula alijikuta ametoa mnyororo wa akiba, tupa ya kunolea na mahindi yote mawili yaliyobaki.

“Zikomo kwambiri,” Amissi alimshukuru kwa Kichewa, akimpa mkono.

“Wewe,” fundi alimjibu huku akipangusa machozi ya kicheko, “usirudi hapa bila mkeo.”

*

Wiki ile Amissi alifungua marobota yake na kumvalisha mkewe kama bibi harusi. Akachagua jinzi mbili nene, moja ndani ya nyingine, akamtafutia buti za mtu wa mgodini na glavu za ngozi, na mahali fulani akapata kofia ngumu yenye wavu wa kufunika uso. Juu ya hayo yote Maimouna akajifunga kikwembe, yaani kitenge, akasema asiyependa afumbe macho.

Shambani kwa Mayi Chisale, kwenye vigogo ambavyo msumeno wa kukodi haukuvimaliza, walikuta watu wamekwisha kukusanyika. Bambo Mwakasungula naye alikuja, kwa nauli yake mwenyewe, akisema hawezi kumwachia mwanafunzi mashine yenye hasira siku ya kwanza. Alimwonyesha pa kusimama, pa kuweka kidole gumba, na namna ya kukinga kigogo kisiubane mnyororo. Maimouna akavuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikawaka, na mlio wake haukuwa wa kukohoa. Ulikuwa mzito, wa mtu aliyeshiba.

Alikata polepole mwanzoni. Kisha akapata mwendo wake, na vipande vikaanza kudondoka kimoja baada ya kingine. Ndikuriyo, bega limepona, akawa anavipokea na kuvipasua kwa shoka, maana vikiwa vifupi vilikubali. Yule mtu mkimya ghafla akaliweka shoka chini, akaruka juu mikono hewani kama wanavyocheza kwao, akatua kwa kishindo.

“Yewe, Mama Zaina!” alipaza sauti. “Ile bega yangu inakushukuru!”

Kabla ya mchana Amissi alikuwa amezunguka vijiji vya jirani na kurudi. Alikuwa amepata mwenye tanuri la mikate kambini, kwaya ya Warundi iliyokuwa na harusi Jumamosi, na mzee mmoja wa Kichewa aliyetaka mti wake ulioangushwa na upepo ukatwe, alipie kwa mahindi. Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, kanzu imejaa vumbi, macho yanawaka. Hakukumbuka kuwa simu yake ilikuwa imelala nyumbani tangu asubuhi.

Mayi Chisale alileta nsima na maharage, wakala wakiwa wameketi juu ya vigogo. Maimouna, uso mweupe kwa unga wa mbao, alimsukumia mumewe kofia.

“Na weye jaribu.”

“Mi? Mi niko wa kuuza.”

“Jaribu, Baba Zaina!”

Akavuta kamba, ikamponyoka. Akavuta tena, akakaa chini bila kupenda, watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mara ya tatu mashine ikawaka mikononi mwake, na Maimouna akasimama nyuma yake, amemshikilia kiuno asirudi kinyumenyume. Amissi alifumba jicho moja, akakata. Kipande kilichoanguka kilikuwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, hakifai kwa jiko wala kwa kiti. Akakiinua juu kwa mikono miwili.

“Hii siuzishe!” alipiga kelele. “Batu bote munasikia? Hii siuzishe!”

Jioni walirudi Dzaleka juu ya ngolo, mkokoteni wa ng'ombe uliosheheni kuni, Ndikuriyo akitembea mbele na shoka begani, Maimouna akiwa juu kabisa na tronsoneze mapajani. Wanawake waliokuwa bombani wakaanza kumwita kwa vigelegele, wakitaka kujua kesho anakata wapi, na Amissi akawa anawajibu kabla ya mkewe, akiwaambia wajipange mapema kwa sababu wiki yote imekwisha kujaa.